Kinyota Kando ya Jina

Katika Bonde la Stony Run, mbali kidogo na Philadelphia, chini ya Mlima wa Buluu, mtu aliyetaka kujua babu wa babu yake alikuwa nani hakujisumbua kwenda kupekua kumbukumbu za mahakamani. Alikwenda kwa Verna Kressler, nyumba ya mwisho kabla ya daraja, akabisha hodi mlango wa jikoni. Mlango wa mbele ulikuwa wa majeneza na wachungaji, na Verna hakuwa na haraka ya kuonana na mojawapo.

Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mwili wake, wa miaka sabini, aliyeshona kola za mashati kiwandani kwa miaka arobaini na mmoja. Hakuolewa. Wachumba walikuja ujanani wakala pai yake, wakaisifu, wakafuta midomo, na yeye akawafungulia mlango waende zao. "Nina ukoo wa watu elfu moja na mia nne wa kutunza," alisema. "Mume nitamweka wapi?" Na kweli aliutunza. Chumba cha wageni kilijaa masanduku ya viatu, ndani ya masanduku mlikuwa na kadi, na kila kadi ilikuwa ya Kressler mmoja: kazaliwa lini, kabatizwa na nani, kaoa wapi, kazikwa upande gani wa ua wa kanisa. Mgeni akija kulala alilala kwenye kochi sebuleni, kwa kuwa wafu walikuwa wamewahi kitanda.

Sasa sikiliza jambo la ajabu. Huyo Verna aliyewajua akina Kressler kuliko wao walivyojijua, mwenyewe hakuwa na hata tone moja la damu ya Kressler.

Alizaliwa mwaka 1918, mtoto wa fundi viatu aliyeitwa Sattler. Mwezi wa kumi wa mwaka huo homa kubwa ilipita bondeni, ikamchukua baba Jumanne na mama Ijumaa. Mtoto alikuwa na miezi mitano. Jumamosi asubuhi akafika Mabel Kressler na gari la farasi, akamweka mtoto ndani ya kapu la nguo, juu ya mashuka aliyoyafua, akampeleka kwake. Mabel ndiye aliyekuwa mama yake wa ubatizo, yaani ndiye aliyemshika mbele ya birika la maji na kumjibia maswali ya mchungaji. Mumewe, Irvin, aliuliza kwa upole mtoto atakaa siku ngapi. Mabel akamwambia, "Nilimshika mbele ya Mungu, Irvin. Nimshushe wapi?" Irvin hakuuliza tena, na siku ya pili alionekana akichonga kitanda kidogo.

Kwa hiyo Verna alikua Kressler, akaitwa Kressler, akachapwa kama Kressler. Alifika miaka ishirini bila kuwaza kuwa ni kitu kingine. Ndipo kikaja kitabu.

Mwaka 1938 ukoo ulitimiza miaka mia mbili tangu babu yao aingie nchini kutoka Ujerumani, na mwalimu Calvin, kaka yake Irvin, mtu wa shule na tai, akaandika kitabu cha majina yote. Kiligawiwa siku ya mkutano wa ukoo, katika kichaka cha mialoni, kingali kinanuka wino. Wasichana wakakifungua kutafuta majina yao huku wakicheka. Verna akalikuta la kwake ukurasa wa themanini na nane, na kando yake kinyota kidogo. Chini ya ukurasa, kwa herufi za kuchungulia, paliandikwa: *Kinyota: aliyelelewa, si wa damu.* Katika majina mia nane, kinyota kilikuwa kimoja.

Alicheka na wenzake, akala vipande viwili vya pai, akaenda chooni nyuma ya banda akalia mpaka akatapika pai yote. Alipotoka alikuwa ameamua. Kama hana damu yao, basi atakuwa na habari zao, zote, mpaka asiwepo Kressler atakayeweza kujieleza bila yeye. Wengine wakiumia hukimbia. Verna alipoumia alinunua kadi.

*

Ikafika 1988, miaka mia mbili na hamsini. Kulikuwa na mambo mawili ya kutengeneza: kitabu kipya na jiwe la kumbukumbu, litakalosimamishwa uani mwa kanisa Jumapili ya kwanza ya mwezi wa nane. Mwenyekiti wa ukoo alikuwa Mahlon, mtoto wa marehemu mwalimu Calvin, dalali wa minada. Alikuwa na sauti ya kuamsha ng'ombe wa shamba la tatu na ulimi ambao ungeweza kumuuzia daktari wa mifugo ndama kiguru. Mahlon alipenda hadithi. Ya kwake ilikuwa kwamba ndugu watatu walivuka bahari pamoja. Mmoja akaenda kaskazini, mmoja kusini, wa tatu, Bernhard, akabaki hapa, na wote walikuwa watoto wa mwinyi mmoja mwenye ngome. Kila ukoo bondeni una ndugu watatu kama hao. Ukiwakusanya wote waliokwenda kusini, kusini kungezama.

Zaidi ya hayo Mahlon alikuwa ameagiza kwa posta ngao ya ukoo, nyekundu kwa dhahabu, yenye nguruwe mwitu amesimama kwa miguu miwili. Aliichoresha kwenye bendera ya ukubwa wa shuka la watu wawili.

Mwezi wa kwanza, Verna akiwa ndiye mpiga chapa wa kitabu kipya, alimwambia kama mtu anayezungumzia hali ya hewa:

"Kaka Mahlon, kile kinyota changu. Safari hii si tukiondoe tu?"

Walikuwa jikoni kwa Mahlon. Mkewe, Elda, alikuwa akimenya bitiruti za kuchachushia mayai, mikono mekundu mpaka viwiko.

"Verna," Mahlon alisema, "unajua mimi na wewe tumekula sahani moja. Lakini kitabu ni kitabu cha damu. Marehemu baba aliweka kanuni, nami si mtu wa kuivunja kanuni ya baba. Leo nikiondoa chako, kesho watakuja mashemeji."

"Mashemeji waje mara ngapi?" Elda akasema. "Mimi nimepika hapa miaka arobaini na sita, na kwenye kitabu chenu nimo kwenye mabano."

"Hakuna aliyekuuliza, mama."

"Ndiyo maana nasema bila kuulizwa."

Verna akacheka, akavaa koti lake, akarudi nyumbani. Alipofika ukurasa wake alijipigia chapa kinyota mwenyewe, kwa kidole chake mwenyewe. Kiliuma kama siku ya kwanza. Hakuwa amefikiri kwamba kingeuma vile.

Lakini jiwe nalo lilitaka jina la kijiji alikotoka Bernhard, na hilo hakuna aliyelijua. Verna alikuwa ameandika barua mia moja na kumi na saba kwa makanisa ya Ujerumani, akitumia Kijerumani cha bondeni alichokinyonya kwa Mabel, kisicho na kitabu wala mwalimu. Mwezi wa pili likaja jibu kutoka kijiji cha Hasselweiler, lililoandikwa na mchungaji mzee aliyeitwa Obenauer.

"Bibi mpendwa," aliandika, "barua yako nimeisoma kwa sauti mezani, na mke wangu amecheka hadi machozi. Unaandika sawasawa na marehemu bibi yangu alipokuwa akiwafokea kuku. Karibu nyumbani." Kisha akaeleza: Bernhard Kressler, mfumaji wa kitani, alimwoa Apollonia mwaka 1724, na pembeni, kwa mkono wa mchungaji wa zamani, imeandikwa kuwa mwaka 1738 wamehamia Nchi Mpya. "Watoto hawakujaliwa. Nimepekua miaka yote kumi na minne. Hakuna hata mmoja."

Verna aliketi chini. Kwenye kaburi la Johannes Kressler, huyo ambaye ukoo wote umetoka kwake, imechongwa kuwa alizaliwa Ujerumani mwaka 1733. Alikuja akiwa na miaka mitano. Na siku zote kila mtu alijua kuwa ni mtoto wa Bernhard.

Alimpigia simu Mahlon, na Mahlon akanguruma mpaka Verna akaisogeza simu mbali na sikio. "Basi si huyo! Ni Bernhard mwingine! Mfumaji wa kitani? Verna, mtafute Bernhard mwenye ngome!"

"Mke anaitwa Apollonia, Mahlon. Mwaka ni ule ule. Wangapi walikuwa na mke Apollonia?"

"Wasiozaa si wazazi wetu. Hilo hata ndama anajua."

Verna akakata simu. Mwezi mzima alitembea na Bernhard na Apollonia kichwani, hawa wawili na nyumba yao tupu, na kati yao mtoto wa miaka mitano aliyetoka asikojulikana. Fundi wa jiwe alimpigia mara mbili kuuliza jina la kijiji. Verna akamwambia aanze kuchonga maua.

*

Jibu lilimjia kanisani, Jumapili baada ya Pasaka, akiwa anawaza nyama yake iliyo jikoni. Kulikuwa na ubatizo. Mama wa mtoto alikaa benchi la mbele, na dada mmoja kijana, mama wa ubatizo, alisimama kwenye birika na kichanga mikononi, akijihadhari asije akakiangusha. Huko kwao zamani mama mzazi hata kanisani hakuwa akienda. Alibaki kitandani, na mama wa ubatizo ndiye aliyetoka na mtoto na kurudi naye. Verna alimtazama yule dada alivyombana mtoto kifuani. Akamwona Mabel. Akaona na kapu la nguo.

"Ee!" alisema kwa sauti, katikati ya sala. Mchungaji akanyamaza. Watu wakageuka.

"Endeleeni," Verna akasema. "Nimekumbuka kitu cha jikoni."

Mchana huo huo aliandika: "Mchungaji Obenauer, nakuomba usimtafute Apollonia kati ya akina mama. Mtafute kati ya waliowashikia wenzao watoto."

Akina Kressler wote, tangu mwalimu Calvin, walikuwa wamesoma safu ya wazazi tu katika vitabu vya ubatizo. Safu ya mama wa ubatizo waliiruka, kama mtu arukavyo majina ya waliochangia viti. Verna naye alikuwa ameiruka miaka hamsini, yeye ambaye alilelewa na safu hiyo! Alijiita mpumbavu mara tatu, kwa Kijerumani, ambacho kwa kazi hiyo hakina mpinzani.

Jibu likafika mwanzo wa mwezi wa sita. Apollonia alikuwa amewashikia wenzake watoto kumi na mmoja. Wa mwisho aliitwa Johannes, 1733, mtoto wa Philipp Wendling, mchunga nguruwe wa kijiji, na mkewe Margaretha. Na pembeni, mwaka 1738: wote wamehamia Nchi Mpya, Wendling na Kressler, jahazi moja.

Kwenye orodha ya bandari ya Philadelphia, iliyokuwa ikiandika wanaume wazima tu walioapa utii kwa mfalme, Bernhard Kressler yumo. Philipp Wendling hayumo.

Verna alimchukua wifi yake Elda, wakaenda kanisani kumwomba mchungaji ufunguo wa kabati la chuma. Walikuwa wanatafuta kitu ambacho hakuna aliyewahi kukitaka: orodha za kipaimara. Vitabu vya ubatizo, ndoa na mazishi mwalimu Calvin alikuwa amevinakili vyote. Orodha za kipaimara hazimo kitabuni mwake. Alieleza kuwa ni majina matupu. Elda akashika tochi, Verna akashika kioo cha kukuzia, na mwaka 1748, mstari wa tano, maandishi yalisimama wazi kama yaliyoandikwa juzi. Verna akayatafsiri kwa sauti:

"Johannes, aitwaye Kressler, miaka kumi na minne na nusu. Baba na mama, Wendling, wamebaki baharini. Mtoto wa ubatizo wa Apollonia, mke wa Bernhard, ambaye... ambaye hakumshusha."

Hakuendelea. Hakukuwa na zaidi ya kusoma. Aliweka kidole juu ya jina la Apollonia, akalia bila aibu, machozi yakidondoka mbali na karatasi kwa sababu hata katika kilio alikuwa mtunza kumbukumbu. Hakuwahi kumpenda Bernhard. Alikuwa amemtafuta kama mtu anavyotafuta ufunguo. Lakini Apollonia, Verna alimpenda pale pale.

"Wifi," Elda akasema taratibu. "Na hii ni nini?"

Kando ya mstari palikuwa na alama ndogo ya vema, kwa penseli iliyofifia, yenye mkia uliopinda. Wote wawili waliijua. Mwalimu Calvin aliiweka kando ya kila habari aliyoisoma, na ilikuwa kwenye kila kitabu alichowahi kukishika, hata kitabu cha nyimbo.

Kwa hiyo alisoma. Mwaka 1938, kabla ya kuandika, alijua. Babu mkubwa wa ukoo mzima alikuwa wa kulelewa, na mwalimu akafunga kitabu, akamwacha bila alama. Kisha akaenda ukurasa wa themanini na nane akamwekea msichana wa miaka ishirini kinyota.

Verna alikasirika mpaka masikio yakapata moto. "Miaka hamsini," alisema. "Miaka hamsini, Elda!"

"Najua."

"Nitakisoma mbele ya watu. Na vema yake nitawaonyesha."

Elda akazima tochi. "Mwambie Mahlon nguruwe, mwambie bahari, mwambie yote. Una haki. Lakini hii alama, wifi yangu, nakuomba. Yule mzee wangu ana sauti kubwa na moyo wa kifaranga. Baba yake kwake ni malaika mwenye tai."

Verna alifunga kitabu, akarudisha ufunguo, na njia nzima aliendesha gari kwa mwendo wa mkokoteni.

*

Mahlon aliwapokea barazani. Alisikiliza akiwa amesimama, kisha akakaa. Bendera yake ilikuwa imetandazwa kwenye ukuta ili mikunjo inyooke, na yule nguruwe mwitu akiwatazama wote kwa dharau.

"Mchunga nguruwe," alisema.

"Wa kijiji kizima," Verna akasema. "Si mtu wa nguruwe wawili watatu."

"Posta hawakukosea basi," Elda akasema, akiitazama bendera. "Ngome hawakuipata, lakini mnyama walimpatia."

Mahlon hakucheka. "Haiwezekani. Baba angeliona. Baba alikisoma kile kitabu cha kanisa ukurasa kwa ukurasa, majira mawili ya baridi. Baba hakuwa mtu wa kuruka kitu."

Elda aliinamisha uso akaanza kuhesabu vifungo vya gauni lake. Verna alimtazama Mahlon: mzee wa miaka sabini na miwili, mdomo wazi, akimsubiri amwambie. Maneno yalikuwa tayari. Yalikuwa tayari kwa miaka hamsini.

"Karatasi zilikuwa zimegandana," Verna alisema. "Unyevu. Ilibidi tuzitenganishe kwa kisu."

"Aa," Mahlon akasema, akashusha pumzi. "Unyevu."

Elda alisimama ghafla akasema anakwenda kuchemsha kahawa, na huko jikoni alikaa muda mrefu kuliko kahawa inavyotaka.

"Lakini Verna," Mahlon akaendelea, sauti imeshuka kuwa ya mtu wa kawaida, "wanakuja watu mia nne. Wengine wanatoka Kansas. Nisimame niwaambie kwamba wao si wao?"

"Mimi niliambiwa nikiwa na miaka ishirini," Verna akasema. "Kwa maandishi. Haiui mtu, kaka."

Mahlon alimtazama kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. Akachukua karatasi aliyoiandika Verna, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. "Mwenyekiti ni mimi," alisema. "Nitasema mimi."

Wiki sita zilizofuata alikutana na Verna kanisani kila Jumapili akazungumzia mvua.

*

Siku ya mkutano jua lilikuwa kali na kichaka kikajaa. Meza ziliinama kwa vyakula: nyama ya nguruwe na kabichi chachu, mayai mekundu ya Elda, pai za kila umri. Wazee walirusha viatu vya farasi kwenye nguzo na kubishana kama watoto. Bendi ya matarumbeta ikapiga kitu ambacho nusu ya bendi ilidhani ni kingine. Verna alikuwa mahali pake pa miaka yote, nyuma kabisa, kando ya birika la kahawa, kwenye kiti cha kukunja. Jiwe lilikuwa chini ya shuka uani mwa kanisa, limechongwa alivyoagiza yeye, lakini kama Mahlon angesema ndugu watatu, basi ukoo ungebaki na ndugu watatu. Watu huamini sauti kubwa kuliko jiwe.

Mahlon akapanda jukwaani. Bendera haikuwepo. Alitoa karatasi, akaikunjua, akaitazama, akairudisha mfukoni.

"Ndugu zangu," alisema, "nimewauzia wengi wenu ng'ombe, na wachache wenu mmenisamehe. Leo nina habari ambayo sikuitaka. Hakukuwa na ndugu watatu. Kulikuwa na mvulana mmoja wa miaka mitano." Na akasimulia, bila kupunguza: mchunga nguruwe, jahazi, Philipp na Margaretha waliobaki majini, na Apollonia asiye na mtoto aliyeshuka bandarini na wa mwenzake mkononi. "Hatuna damu ya Kressler. Hata mimi. Hata nyinyi wa Kansas. Tuna jina tu, na jina tulipewa na mwanamke kwa sababu alimshika mtoto mara moja kanisani na..." Dalali wa minada, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, hakuwa na neno.

Mtoto mmoja akauliza kwa sauti kama bado pai zipo.

Mahlon akajifuta uso. "Katika kitabu chetu cha zamani kuna mtu mmoja mwenye kinyota. Mnamjua. Yuko pale nyuma anajifanya kuangalia kahawa. Kinyota kile maana yake ni kwamba alilelewa. Sasa basi!" Na hapo sauti yake ya mnada ikarudi, ikapasua matawi. "Nina kinyota kimoja hapa, kinyota kizuri, cha miaka hamsini, hakijatumika ovyo! Nani anakitaka kando ya jina lake? Mkono mmoja naona, mzee wa Kansas! Mikono miwili! Kule kwenye mayai! Ishirini! Mia!"

Mikono ikapanda kichaka kizima. Elda alinyoosha yote miwili. "Kwanza! Pili! Ki-me-u-zwa, kwa ukoo wote!"

"Hakijauzwa!"

Watu wakageuka. Verna alikuwa amesimama, kijiko cha sukari mkononi, uso umelowa.

"Kaka Mahlon, unanadi mali ya watu! Kinyota hicho kina wenyewe wawili, Johannes na mimi. Hakipatikani kwa kunyoosha mkono. Mpaka unyooshewe wewe."

Elda akasema, na wote wakamsikia, "Basi Mahlon wangu anastahili. Nani mwingine angemchukua na kelele zile?" Kichaka kikaangua kicheko mpaka bendi ikadhani ni zamu yao, na Mahlon akashuka, akapita katikati ya watu mpaka kwenye birika la kahawa. Alimkumbatia Verna, sukari ikamwagika yote.

"Nakiondoa," alimwambia sikioni. "Kitabu kipya, nakiondoa. Neno langu."

"Usikiguse," Verna akasema. "Utamwacha mwenzangu peke yake?"

Jumatatu asubuhi alikaa mbele ya taipureta na kikombe cha kahawa na kipande cha pai kilichobaki. Akachukua ukurasa wa kwanza, akaweka kinyota kando ya Johannes. Akaenda kwenye ukurasa wake akakiacha chake kilipo. Chini ya kurasa zote mbili, badala ya yale maneno ya kuchungulia, alipiga, kwa herufi kubwa kama za kichwa cha habari: *Kinyota: aliyelelewa.* Hayo mengine, ya damu, akayaacha nje. Kisha akala pai yake, yote.